Dhahabu ya Leseni: Uchambuzi wa Tuzo Ngumu katika Gran Turismo

Mchezo wa Gran Turismo ulipotoka nchini Japani mwezi wa Desemba 1997, kwa ajili ya mashine ya kwanza ya PlayStation, ulikuja na sharti ambalo wapenzi wa michezo ya magari, waliozoea kubonyeza kitufe kimoja na mara wakajiona wamo mbioni, hawakulitazamia: mashindano makubwa hayakufunguliwa illa kwa mwenye leseni, na leseni haikupatikana illa kwa mitihani. Kazunori Yamauchi, aliyeongoza utungaji wa mchezo huo, pamoja na wenzake ambao baadaye walijulikana kwa jina la Polyphony Digital, waliweka leseni 3 zenye majaribio 8 kila moja, na jaribio la kwanza kabisa lilimtaka mchezaji aondoe gari, aende mita 400, kisha asimame ndani ya eneo lililotiwa alama, pasipo kona wala mshindani. Idadi ya mitihani hiyo imebadilika mara nyingi tangu hapo, walakini Gran Turismo 7, ilipotoka tarehe 4 Machi 2022, ilikuwa na leseni 5 (Taifa B, Taifa A, Kimataifa B, Kimataifa A na Super), kila moja na majaribio 10, na katika kila jaribio medali tatu za shaba, fedha na dhahabu.

Shaba hupatikana kwa mtu yeyote mwenye macho mawili na jioni moja ya nafasi. Dhahabu ni habari nyingine. Kati ya hizo mbili aghalabu pana sekunde chache, na katika majaribio mafupi pana sehemu ndogo tu ya sekunde, na katika uwazi huo mwembamba ndimo wachezaji wengi wageni wanamokaa kwa majuma, wakirudia jaribio lile lile kwa hasira inayoongezeka, hata wakakata shauri kwamba dhahabu imewekwa kwa ajili ya watu waliozaliwa na vidole vya namna ya pekee. Dhana hiyo si kweli, na nia ya uchambuzi huu ni kuonyesha kwa nini si kweli: kwamba muda unaomtenga mwenye shaba na mwenye dhahabu hupotea katika breki na katika kutoka konani, mahali ambapo pana sheria zinazofahamika na kufundishika, na haupotei katika ushujaa, ambao mchezaji mgeni tayari anao mwingi kuliko unaohitajiwa.

Kwanza yafaa tubainishe ugumu wenyewe, kwa kuwa tuzo zinazoitwa ngumu hazina ugumu wa jinsi moja. Tangu Xbox 360 ilipotoka mwaka wa 2005 ikiwa na hesabu ya alama za mafanikio, na PlayStation 3 ikafuata mwaka wa 2008 kwa vikombe vya shaba, fedha, dhahabu na platinamu, kila mchezo una orodha yake ya matendo yanayolipwa sifa. Yako yanayodai muda tu, kama kukusanya magari kwa mamia, au kukamilisha mashindano ya saa 24 yaliyokuwamo katika Gran Turismo 4 na 5, ambayo anayeshindwa hushindwa kwa usingizi kabla hajashindwa kwa ustadi. Yako yanayotegemea bahati, kwa kuwa magari mengine hupatikana kwa tikiti za bahati nasibu, na hapo hapana shauri la kumpa mtu isipokuwa asiyaweke moyoni. Yako yanayotegemea watu wengine, yaani ushindi katika mashindano ya intaneti, ambako mpinzani wako wa usiku huu ni mtu wa Osaka au wa Madrid aliyeanza mchezo huu utotoni. Na yako, mwisho, yanayomkabili mchezaji na saa peke yake, nayo ndiyo majaribio ya leseni. Rai yangu ni kwamba mgeni aanze na haya ya mwisho kabla ya yote, kwa sababu yanatoa elimu inayofaa kwa yale mengine yote, ilhali mengine hayatoi elimu ya kufaa kwa haya: mwenye dhahabu za leseni atashinda mbio za fedha kwa wepesi na kununua magari yake upesi, lakini mwenye magari mia nne gereji hajui kwa hayo namna ya kuingia kona moja.

Sasa tuje kwenye breki, ambako ndiko kwenye kiini cha shauri. Mwendo wa gari ukizidishwa mara mbili, njia inayotakiwa ili lisimame haizidi mara mbili, huzidi mara nne. Gari linalosimama kwa mita 40 kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, litataka mita 160 au karibu yake kutoka kilomita 200. Jicho la binadamu halikuumbwa kulitambua jambo hili kwa silika, kwa hiyo mgeni, anapokuja kwa kasi kubwa kuliko aliyoizoea, hukanyaga breki mahali ambapo moyo wake unamwambia, na moyo wake humwambia kwa kuchelewa. Gari hupita mahali pa kukata kona, huenda pana, hugusa majani, na jaribio hukatishwa. Mara ya pili hukanyaga mapema mno kwa hofu, akapata fedha. Mara ya tatu hurudi kwenye ushujaa. Hivyo hupanda na kushuka kati ya kosa na kosa bila ya kupata kipimo, hali kipimo kipo kando ya njia: mbao zinazoonyesha mita 200, 150 na 100 kabla ya kona, kivuli cha daraja, mwisho wa ukingo uliopakwa rangi, alama nyeusi za matairi, nguzo ya uzio. Mtu achague kitu kimoja kisichoondoka, akanyage breki hapo hapo kila mara, na akiona amechelewa au amewahi, asogeze alama yake kwa kiasi kidogo. Baada ya hapo hapigani tena na mashaka, bali anarekebisha hesabu.

Jambo la pili katika breki ni namna ya kuiachia, na hili ndilo linalofichika zaidi. Tairi lina nguvu moja tu ya kushika ardhi, nayo hugawanywa kati ya kupunguza mwendo na kugeuza gari. Ikitumika yote kwa breki haibaki ya kugeuzia, na ndiyo maana mgeni anayekanyaga breki kwa nguvu zote huku amepinda usukani hadi mwisho huona gari linakwenda mbele moja kwa moja kana kwamba halikuambiwa neno. Sharti basi breki ianze kwa nguvu wakati gari limenyooka, kisha ipungue pole pole kwa kadiri usukani unavyoongezeka, hata ikaisha kabisa gari linapoukaribia ukingo wa ndani wa kona. Faida yake ni mbili, kwani breki inapokanyagwa uzito wa gari huhamia matairi ya mbele na kuyapa nguvu ya kushika, na ikiachiliwa ghafula uzito ule hurudi nyuma na matairi ya mbele huwa mepesi wakati ule ule yanapohitajiwa. Kuiachia breki kwa taratibu, kama nahodha anavyolegeza tanga akiingia bandarini ili chombo kisipoteze mwendo wa kukiongoza, ndio ustadi ambao majaribio mengi ya Taifa A na ya Kimataifa B yamewekwa ili kuufundisha, na mtu akiupata huko chini hatasumbuka nao huko juu.

Wako watakaosema kwamba huu ni mwendo wa waoga, na kwamba anayekanyaga breki kwa kuchelewa ndiye anayeshinda. Na tufanye hesabu. Chukua kona inayopitwa kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, na mbele yake njia iliyonyooka ya kilomita 1, na gari linaloongeza mwendo kwa kadiri moja hadi kufika kilomita 270 mwishoni; gari hilo litaimaliza njia ile kwa sekunde 20. Likitoka konani kwa mwendo wa 95 badala ya 90, litaimaliza kwa sekunde 19.63 au karibu yake, yaani limepata zaidi ya theluthi moja ya sekunde kwa ajili ya kilomita 5 tu za mwendo wa kutokea. Sasa mtazame yule shujaa, aliyechelewesha breki yake kwa mita 5 mwishoni mwa njia ile ile: hata asipokosea lolote, faida yake ni sekunde 0.13 hivi, na aghalabu hukosea, akaingia konani na mwendo wa ziada, akachelewa kukanyaga mafuta, na theluthi nzima ya sekunde ikamtoka upande wa pili. Kwa hiyo kila kona itazamwe kwa kutokea kwake. Kona inayofuatwa na njia ndefu iingiwe kwa hadhari ili itokwe mapema kwa mafuta kamili. Kona inayofuatwa na kona nyingine itolewe mhanga kidogo kwa ajili ya ile inayofuata. Na ni kona ya mwisho tu, iliyo karibu na mstari wa kumalizia, ambayo mtu aweza kuiingia kwa pupa, maana baada yake hakuna cha kupoteza.

Kuhusu vyombo vya kuchezea sina mengi. Usukani wa mezani na pedali zake ni vitu vya raha na vya bei kubwa, lakini si sharti la dhahabu, na pedi ya kawaida inatosha kwa mtu anayejua kwamba vifyatulio vyake vya nyuma si vitufe vya kuwasha na kuzima. Vinapimika: ukivuta nusu unapata nusu ya breki au nusu ya mafuta, na mgeni anayevivuta daima hadi mwisho amejinyima mambo yote tuliyoyaeleza hapo juu. Kijiti cha kugeuzia nacho kiongozwe kwa uchache, kwani kupinda kupita kiasi hulisugua tairi na kulipunguzia mwendo bila kuliongezea kugeuka. Ama misaada ya kompyuta, kinga ya breki kufunga matairi iachwe ikifanya kazi, kwa kuwa inamwondolea mgeni shida moja kubwa bila kumgharimu muda mwingi. Msaada wa kulituliza gari konani uondolewe mapema, kwa kuwa unakanyaga breki kwa niaba yako wakati usiotaka. Na kizuizi cha matairi kuzunguka bure kipunguzwe hatua kwa hatua kadiri kidole kinavyotulia. Gia za mkono zina faida, hasa katika kona ndefu ambapo gia ya juu hulifanya gari liwe pole, lakini asizikimbilie mtu ambaye bado hajui breki yake ianze wapi.

Namna ya kusoma ndiyo inayowatenga watu kuliko vyombo. Kila jaribio lina maonyesho ya dereva anayelifanya kwa ukamilifu, na wachezaji wengi huyapita bila kuyatazama kwa sababu wana haraka ya kuendesha. Hilo ni kosa la msingi. Yatazamwe mara ya kwanza kwa ajili ya njia, yaani gari linapita wapi; mara ya pili kwa ajili ya taa nyekundu za nyuma, yaani breki inaanza na kuisha wapi; na mara ya tatu kwa ajili ya sauti ya injini, yaani mafuta yanarudi lini. Baada ya hayo gari la kivuli, linalorudia mwendo wako bora mbele ya macho yako, litakueleza bila upendeleo ni wapi unapopata na ni wapi unapopoteza, maana ukiliona linakuacha katika njia iliyonyooka, jua kwamba halikukuacha hapo; lilikuacha katika kona iliyotangulia, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Kuna tabia moja ambayo napenda kuikataza kwa nguvu, nayo ni kuanza upya kila linapotokea kosa dogo. Mchezaji anayeanza upya mara moja anapokosea kona ya kwanza, huipita kona hiyo mara nyingi mno ilhali kona ya mwisho haijui kabisa, na siku atakapofanikiwa kuzipita zote za mwanzo atafika kule mwisho kama mgeni, na moyo unamdunda kwa sababu dhahabu iko karibu, na ataipoteza hapo hapo. Katika kikao cha kwanza jaribio limalizwe kila mara, hata kwa makosa, ili kila kona ipate haki yake. Wakati wa kukata na kuanza upya utafika baadaye, pale mtu anapojua njia nzima na kutafuta sehemu za mwisho za sekunde. Na mikono ikianza kuchoka, mtu aiache mashine, kwa sababu uchovu unafundisha mikono makosa kwa uhodari ule ule ambao utulivu huifundisha usahihi.

Kwa kijana anayechezea katika vibanda vya miji yetu, ambako hulipia kwa muda, na ambako mashine aghalabu zimekaliwa na mashabiki wa kandanda, nina maneno mawili ya vitendo. Aombe kuingia kwa akaunti yake mwenyewe, kwa sababu medali na vikombe hufuata akaunti, na anayecheza katika akaunti ya mwenye kibanda amemchumia mwenye kibanda. La pili, awe na daftari: alama ya breki kwa kila kona, gia ya kuingilia, na mahali mafuta yanaporudi. Maonyesho ya madereva hodari hupatikana hata katika simu, na dakika zilizotumika kuyasoma nyumbani hazilipiwi.

Majaribio marefu yanastahili neno lake peke yake. Leseni ya Super katika Gran Turismo 7 hutaka mizunguko mizima ya viwanja, na jaribio lake la mwisho liko Spa-Francorchamps nchini Ubelgiji, kiwanja cha kilomita 7 kilicho katikati ya misitu, tena katika mvua, kwa gari la Porsche lililoundwa kwa mashindano ya Le Mans. Hapa watu wengi wenye dhahabu 49 wamesimama kwa siku nyingi. Katika mvua nguvu ya kushika ardhi hupungua, basi kila kitu kilichosemwa kuhusu kugawanya nguvu hiyo huwa kikali zaidi: breki ianze mapema na kwa upole, mafuta yarudi kidogo kidogo, na gari lisiguse madimbwi wakati limepinda. Mahali pa kupata muda ni pachache, nao ni utokaji wa kona ya La Source kwa ajili ya mteremko wa Eau Rouge, na utokaji wa kilima cha Raidillon kwa ajili ya njia ndefu ya Kemmel. Mtu akipata hizo mbili kwa unyofu, aweza kupita penginepo kwa salama tu. Kiwanja cha Nordschleife cha Ujerumani, kilichofunguliwa mwaka wa 1927 katika milima ya Eifel, chenye urefu wa karibu kilomita 21, hakisomeki kwa kukizunguka. Husomeka kwa vipande, na mchezo wenyewe una mazoezi yanayokigawa kiwanja katika sehemu, kila sehemu na medali yake. Mwenye kukataa vipande hivyo atalipa kwa dakika nyingi kila anapokosea kilomita ya 18.

Majaribio ya udongo hugeuza baadhi ya kanuni hizi, kwa kuwa huko gari hugeuzwa kabla ya kona na kuachwa liteleze ubavu hadi lielekee linakokwenda. Msomaji aliyewahi kusimama kando ya njia huko Naivasha, ambako Safari Rally ilirejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, ameyaona haya kwa macho yake, na hana haja ya maelezo yangu.

Je, elimu hii ni ya kweli, au ni ustadi wa vidole tu? Jibu lilitolewa hadharani. Mwaka wa 2008 Nissan na Sony walianzisha GT Academy, shindano lililowachukua wachezaji wepesi zaidi wa Gran Turismo na kuwatia katika magari halisi. Mhispania Lucas Ordóñez, mshindi wake wa kwanza, alimaliza wa pili katika daraja la LMP2 kwenye saa 24 za Le Mans mwaka wa 2011. Na Jann Mardenborough wa Uingereza, aliyeshinda GT Academy mwaka huo huo wa 2011, alimaliza wa tatu katika daraja hilo hilo huko Le Mans mwaka wa 2013. Joto, hofu na uzito unaoivuta shingo ya dereva konani ilibidi wajifunze upya, lakini mstari wa kupita, alama ya breki na subira ya mafuta waliingia navyo kutoka sebuleni. Hata hivyo natahadharisha kwa dhati kwamba mstari huo wa kupita hutumia upana wote wa njia, na katika barabara ya watu nusu ya upana ule ni ya anayekuja mbele yako. Elimu ya breki ya mapema ichukuliwe barabarani, na elimu ya kukata kona iachwe kiwanjani.

Kwa mpango wa kazi, shauri langu kwa anayeanza ni hili. Ipite leseni ya Taifa B yote kwa shaba au fedha, bila kung'ang'ania jaribio lolote, kisha rudi mwanzoni uzitafute dhahabu zake 10, ambazo mchezo utakulipa kwa gari la zawadi. Halafu ufanye vivyo hivyo kwa Taifa A, na usiiguse leseni ya Super kabla ya dhahabu zote za Kimataifa A kukamilika. Jaribio likikukatalia vikao vitatu, lihame, chukua la mbele yake, na ulirudie baadaye. Anza leo na lile la kwanza, ukitafuta kitu kimoja tu: alama moja kando ya njia ambayo utakanyaga breki mbele yake kila mara.